Warsha za uandishi za kiangazi: Kupata nafasi ni jambo moja, kupata nauli ni jingine

APRILI 2017, nikiwa nimesimama ndani ya daladala kutoka Posta kwenda Mwenge, nilisoma kwenye simu barua pepe iliyonieleza kwamba nimechaguliwa kujiunga na warsha ya uandishi wa kubuni ng'ambo. Tungekuwa waandishi wasiozidi 20, wiki kadhaa mfululizo, chini ya walimu ambao vitabu vyao nilikuwa nikiviazima na kuvirudisha vikiwa vimechakaa. Nilishuka kituo kimoja kabla ya kwangu ili niisome tena kwa utulivu.

Aya ya nne ndiyo iliyonitoa jasho. Ilitaja ada, malazi, na siku 10 za kuthibitisha kwamba nitakwenda. Katika fomu ya maombi palikuwa na swali kama nitahitaji msaada wa fedha, nami nilikuwa nimejibu hapana. Si kwamba nilikuwa nazo. Niliogopa kuwa mwenye shida hachaguliwi. Nilipoandika kuomba msaada nikiwa nimekwisha kuchaguliwa, nilijibiwa kwa upole kuwa fungu la mwaka ule lilikwisha kugawiwa wale walioliomba mapema. Nafasi yangu ikaenda kwa mtu aliyekuwa katika orodha ya kusubiri.

Tangu wakati huo, kila ifikapo Desemba, hupokea ujumbe kutoka kwa vijana wanaoandika hadithi wakiniuliza namna ya kuomba warsha hizi. Makala haya ni jibu langu kwao, na yanajikita katika warsha mbili za Marekani zinazotajwa sana na waandishi wa hadithi za kisayansi na za ajabu, yaani Clarion na Clarion West. Nimezichagua kwa sababu utaratibu wake unafanana na wa warsha nyingine nyingi, hivyo anayeuelewa huo hapotei kwingine.

Kwanza, neno lenyewe kiangazi. Wenzetu wa kaskazini humaanisha Juni hadi Agosti, wakati sisi huku pwani tuko katika kipupwe. Vyuo vyao huwa likizo, mabweni yako wazi, na ndiyo maana warsha hufanyika kipindi hicho. Kwa mwombaji wa Tanzania maana yake ni kwamba kazi ya kuomba inaanza Desemba, na si Mei anapokumbuka.

Clarion ilianzishwa mwaka 1968 na Robin Scott Wilson katika chuo kilichoitwa Clarion State College, Pennsylvania. Baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Michigan State, na mwaka 2007 ikahamia Chuo Kikuu cha California, San Diego. Clarion West ni ndugu yake wa Seattle. Mwandishi Vonda McIntyre aliianzisha mwaka 1971, ikasimama baada ya miaka michache, kisha ikafufuliwa mwaka 1984. Mwaka 2020 warsha zote mbili hazikufanyika kwa sababu ya UVIKO-19, na mwaka uliofuata Clarion West iliendeshwa kwa njia ya intaneti.

Muundo wake wa kawaida ni wiki sita, washiriki wapatao 18, na mwalimu mpya takriban kila wiki. Mshiriki hutarajiwa kuandika hadithi mpya karibu kila wiki. Asubuhi washiriki huketi katika duara, kila mmoja akiwa amekwisha kuisoma hadithi ya siku. Mmoja baada ya mwingine hutoa maoni yake kwa dakika chache, na mwenye hadithi haruhusiwi kusema neno hadi duara limekamilika. Mwalimu huzungumza mwisho. Alasiri ni ya kusoma kazi za wenzako, na usiku ni wa kuandika yako.

Msomaji aliyekulia na kurasa za mashairi katika magazeti yetu ataona kitu anachokifahamu. Malenga wetu walijibizana hadharani kwa miaka mingi, huyu akimkosoa yule kwa vina na mizani, wasomaji wakisubiri jibu la wiki ijayo. Tofauti ni kwamba malenga alikuwa na wiki nzima ya kumeza uchungu. Katika duara la Clarion unameza papo hapo, ukiwatazama machoni watu 17.

Je, inafaa? Jibu la haki linapatikana kwa mwandishi mmoja, Octavia Butler. Alihudhuria Clarion mwaka 1970, akiwa binti wa miaka 20 na ushei kutoka California, baada ya kushawishiwa na Harlan Ellison aliyekuwa amemfundisha katika darasa la uandishi. Wakati huo aliuza hadithi zake mbili za kwanza. Moja ilichapishwa mwaka 1971. Nyingine, ambayo Ellison mwenyewe aliinunua kwa ajili ya kitabu chake, haikuwafikia wasomaji hadi mwaka 2014, Butler akiwa amefariki miaka minane kabla. Baada ya warsha alikaa miaka mitano bila kuuza hadithi nyingine. Alifanya vibarua, kikiwamo cha kukagua chipsi kiwandani, na aliamka usiku wa manane ili aandike kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur.

Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia huamini kwamba warsha ni mlango wa kuchapishwa. Warsha humpa mtu wiki sita za kuandika bila kuingiliwa, wasomaji makini, na marafiki wa kazi watakaosoma miswada yake kwa miaka mingi. Kuchapishwa ni safari nyingine. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, naye alipitia Clarion mwaka 2001, na vitabu vilivyompa jina vilifuata baadaye.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe. Kinachopimwa kuliko vyote ni sampuli ya maandishi. Clarion imekuwa ikitaka hadithi fupi mbili zilizokamilika, kila moja kati ya maneno 2,500 na 6,000. Clarion West imekuwa ikitaka kurasa 20 hadi 30. Ukurasa unaozungumzwa hapa ni wa herufi ukubwa wa 12, mistari ikiwa imeachiwa nafasi mbili, ambao hubeba maneno kama 250, kwa hiyo kurasa 20 ni takriban maneno 5,000. Mtu anayebana mistari ili aingize zaidi hugunduliwa mara moja, na anayepitiliza idadi humpa msomaji aliyechoka sababu nyepesi ya kumweka kando. Masharti hubadilika, hivyo tangazo la mwaka husika ndilo la kufuatwa, si makala haya.

Neno ambalo waombaji hulipita haraka ni "zilizokamilika". Wasomaji wa maombi hawatafuti hadithi isiyo na kasoro, maana mwandishi asiye na kasoro hana haja ya warsha. Wanatafuta mtu anayeweza kufika mwisho wa hadithi. Sura ya kwanza ya riwaya, iliyokatwa pale mambo yanapoanza kunoga, haiwaonyeshi jambo hilo. Kwa maoni yangu, mwenye hadithi tano apeleke ile ambayo yeye mwenyewe angependa kuisoma, na si ile anayodhani Wamarekani wataipenda. Nimesoma miswada ya vijana wa hapa iliyojaa theluji na majina ya John na Emily, wakati mwandishi wake hajawahi kutoka Mbagala. Hadithi hizo hizo zinapohamia Mbagala, zinapata pumzi.

Kuna suala la lugha, nalo ni chungu. Warsha hizi huendeshwa kwa Kiingereza na sampuli hupelekwa kwa Kiingereza. Anayeandika kwa Kiswahili atalazimika kujitafsiri, na wengi hutafsiri neno kwa neno hadi sentensi zikakosa uhai. Ni afadhali kuiandika upya hadithi hiyo kuliko kuitafsiri. Wala si lazima kumweleza msomaji wa huko ugali ni nini katikati ya ugomvi wa mume na mke. Akiona watu wanaula, ataelewa ni chakula.

Mbali na sampuli, kuna maelezo binafsi ya ukurasa mmoja au miwili, na ada ya maombi ambayo Clarion imekuwa ikiitoza kwa makumi ya dola, ikipanda kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia. Ada hii hulipwa kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya intaneti. Wengi hukwama hapo saa za mwisho, kadi ikikataa usiku wa manane. Jaribu kadi yako wiki mbili kabla. Baadhi ya warsha hutoa msamaha wa ada kwa anayeuomba mapema kwa barua fupi na ya heshima, na kuomba msamaha huo si aibu.

Tufike kwenye fedha, jambo lililonishinda mimi. Kabla ya janga la UVIKO-19, gharama za Clarion pamoja na malazi na chakula zilikuwa zimevuka dola 5,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Za Clarion West zilikuwa zimevuka dola 4,000. Ongeza tiketi ya ndege, bima ya afya ya safari na ada ya ombi la viza, ambayo ilipandishwa hadi dola 185 Juni 2023 na hairudishwi viza ikikataliwa. Ongeza pia mshahara wa mwezi mmoja na nusu ambao hutaupata. Gharama hii ya mwisho husahaulika katika bajeti nyingi, na ndiyo inayoiumiza familia iliyobaki nyumbani.

Ufadhili upo, na hugawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni la warsha yenyewe, linalotokana na michango ya wahitimu na wapenzi wa vitabu. Katika warsha nyingi wanaosoma sampuli hawaoni jibu lako kuhusu fedha, na uamuzi wa kukuchagua hutangulia uamuzi wa kukusaidia. Laiti ningelijua hilo mwaka 2017. Anayehitaji msaada aseme ndiyo katika fomu, siku ile ile anayoomba nafasi.

Kundi la pili ni la vyama na mifuko ya nje. Baada ya Butler kufariki Februari 2006, chama cha Carl Brandon Society kilianzisha ufadhili wa kumbukumbu yake kwa ajili ya waandishi wasio Wazungu wanaochaguliwa kuingia Clarion au Clarion West, na ulianza kutolewa mwaka 2007. Ufadhili wa namna hii huwa na masharti yake na mara nyingine fomu yake. Kuchaguliwa na warsha hakumaanishi kwamba umekwisha kuombewa.

Kundi la tatu ni la nyumbani: mwajiri, chuo ulichosoma, ndugu, jamaa, kikundi cha kufa na kuzikana hata. Hapa barua ya kuchaguliwa ndiyo mtaji. Anayekwenda kwa meneja akiwa na barua, bajeti ya ukurasa mmoja na kiasi kilichokwisha kupatikana husikilizwa tofauti na anayekwenda na ndoto tu. Tumezoea kuchangiana harusi na misiba, na sijui kwa nini tunaona haya kuitisha kikao kwa ajili ya hadithi.

Barua ya kuomba ufadhili ina kosa moja linalojirudia. Mwombaji huandika kuwa yeye ni kijana maskini kutoka nchi inayoendelea, akidhani huruma itafanya kazi. Msomaji wa barua hiyo ana nyingine 30 zenye sentensi hiyo hiyo. Kinachomsaidia ni hesabu: ada ni kiasi hiki, tiketi ni kiasi hiki, mimi nimeweka akiba kiasi hiki, mwajiri ameahidi kiasi hiki, pengo ni dola 1,900. Pengo lenye tarakimu hujazika. Kisha sentensi mbili tatu za kweli kuhusu kile unachokiandika na kwa nini mwaka huu. Usidai pengo kubwa kuliko lilivyo, kwa sababu wafadhili hawa huwasiliana.

Aidha, uliza fedha za programu unayoiomba hutoka wapi. Chuo Kikuu cha Iowa kina programu ya kimataifa ya waandishi iliyoanza mwaka 1967, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea pia ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mapema mwaka 2025 ruzuku ya karibu dola milioni moja ilikatishwa, na programu yake ya kiangazi kwa vijana, Between the Lines, ikafutwa. Ufadhili wa serikali huweza kuondoka kwa barua moja. Ule wa michango ya wahitimu ni mdogo, lakini hauyumbishwi na uchaguzi.

Hapo ndipo linapokuja suala la viza, ambalo nisingekuwa mkweli nikilificha. Tamko la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika Januari 1, 2026, liliiingiza Tanzania katika kundi la nchi ambazo raia wake walisitishiwa utoaji wa viza za matembezi, biashara na masomo, isipokuwa kwa wenye vigezo maalumu. Matamko ya namna hii hurekebishwa, kwa hiyo kabla ya kulipa senti ya ada ya maombi, mwombaji asome hali ilivyo siku hiyo katika taarifa za ubalozi. Halafu aiandikie warsha na kuiuliza maswali mawili: je, aliyechaguliwa akinyimwa viza anaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata, na je, ufadhili wake huhama naye? Jibu lao, liwe zuri au baya, litakuokolea fedha.

Njia nyingine zipo. Clarion West imekuwa ikiendesha pia madarasa ya mtandaoni, ambayo hayahitaji viza wala nauli, ingawa yanahitaji kifurushi cha intaneti cha kutosha na uvumilivu wa kukesha kwa sababu ya tofauti ya saa. Barani Afrika, Tuzo ya Caine kwa miaka mingi imekuwa ikiwaalika waandishi katika warsha ya siku kadhaa, kila mara katika nchi tofauti. Mwaka 2017 ilifanyika Bagamoyo, na mkusanyiko uliotokana nayo ulibeba jina la hadithi ya Mtanzania Lydia Kasese, The Goddess of Mtwara. Warsha hiyo haiombwi. Huitwa wale ambao kazi zao zimekwisha kuonekana, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kupeleka hadithi kwenye majarida hata kama hujawahi kuvuka Kibaha.

Tahadhari moja kuhusu matapeli. Barua pepe inayokupongeza kwa kuchaguliwa katika warsha ambayo hukuiomba, ikitaka utume fedha za kushikilia nafasi kwa njia ya simu au kwa akaunti ya mtu binafsi, ifutwe. Warsha ya kweli ina majina ya walimu yaliyotangazwa, na walimu hao huitaja wao wenyewe. Ina wahitimu unaoweza kuwaandikia. Waandikie. Mimi niliwahi kumwandikia mhitimu nisiyemjua nikimuuliza kama chakula cha bwenini kinafaa kwa aliyefunga Ramadhani, naye alinijibu kurasa mbili.

Jambo la mwisho ni la saa, na limewakosesha watu nafasi pande zote mbili. Tangazo likisema mwisho ni Machi 1 saa 5:59 usiku kwa saa za San Diego au Seattle, hapa Dar es Salaam ni Machi 2, saa 4:59 asubuhi, kwani tunawatangulia kwa saa 11 msimu huo. Anayedhani muda umekwisha usiku wa Machi 1 hulala akiwa bado na asubuhi nzima ya kurekebisha ukurasa wa kwanza. Anayedhani ana siku nzima ya Machi 2 hufika mezani saa sita mchana na kukuta fomu imefungwa.